Udongo Usiooshwa

Wifi yangu Vaileth ni mtu wa kuudhi. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, asije mtu akadhani namtetea kwa sababu ameolewa na kaka yangu. Ukimwambia chumvi imezidi, ataongeza. Ukimwambia mvua inakuja, anua nguo, atasimama uani aitazame mvua kwanza kama vile ilipaswa kubisha hodi. Siku alipoletwa nyumbani kwetu Busambilo akiwa bibi harusi, mama yangu alimwangalia akipita, akaninong'oneza kwamba huyu hatutamweza. Hatukumweza.

Kazi yake ni kuchora. Mabango mengi ya maduka ya Ushirombo na Kahama ni mkono wake: ng'ombe wa buchani, sindano ya duka la dawa, kichwa cha kinyozi kilichonyolewa vizuri kuliko kichwa chochote cha mtu aliye hai. Hiyo ni kazi ya kutafutia ugali, na huko hutumia rangi za dukani. Ile kazi yake mwenyewe, anayoifanya akiwa amenuna na hataki kuitwa kula, huifanya kwa udongo. Anao mwekundu wa kichuguu, mweupe wa bondeni, na anao ule anaoupenda kuliko yote, udongo wa korongoni ndani ya ngitili yetu, wenye vipande vidogo vidogo vinavyometameta. Huukausha, huusaga juu ya jiwe, huuchekecha kwa kitenge chakavu, kisha huukoroga na gundi ya mgunga. Ukipigwa na jua la alasiri unawaka.

Ngitili, kwa asiyetoka kwetu, ni ardhi tunayoifunga masika ili majani na miti ipumue, halafu tunaifungua kiangazi ng'ombe waingie wakati kwingine kote kumebaki vumbi. Enzi za bibi yangu hapa palikuwa peupe. Miti ilikatwa ili mbung'o wafe, iliyobaki ikakatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba, na bibi alikuwa akitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua linazama. Ndipo wazee wakasema basi, wakaifunga. Hawakuweka waya wala ukuta. Waliweka neno lao, na sungusungu wa kulilinda. Leo nyasi zinafika kiunoni, kuna mizinga ya nyuki, kuna fito, kuna dawa, na tangu niachike kwa mume nikarudi hapa na mwanangu Samwel mgongoni, sijawahi kupoteza ng'ombe kwa njaa.

Masika haingii mtu, hata wa kuokota uyoga. Vaileth aliwahi kunaswa humo akichota udongo mvua zikiwa zimepamba moto. Sungusungu walitaka kumsamehe kwa heshima ya kaka yangu Kalisti. Akakataa kusamehewa. Akawaambia kama sheria ni ya watu wasio na waume wenye heshima, basi si sheria, na akatoa mbuzi wa faini mwenyewe. Kaka yangu alikuwa akimpenda sana mbuzi yule. Tangu hapo Vaileth huchota udongo kiangazi tu, ngitili ikifunguliwa, kopo moja la maziwa ya unga, na likiisha husubiri hadi kiangazi kingine.

Mwaka juzi mwenyekiti wetu wa kijiji, Sostenes, alimwomba achore ukuta wa ofisi ya kijiji. Sostenes ni mtu wa amani. Ukimuuliza anataka chai au uji, atakujibu vyote ni vizuri. Alitegemea twiga, labda na bendera. Vaileth akamchorea ukuta mzima wa magharibi: juu, nchi kavu ya bibi zetu, wanawake na mizigo yao ya kuni, wameinama; chini, nyasi. Nyasi tu, kutoka kona hadi kona, jani moja moja, kwa udongo wa ndani ya ngitili yenyewe. Watu walinung'unika kwamba hakuna hata twiga mmoja. Halafu jua likageuka likaupiga ule ukuta, na nyasi zikawaka zote kwa pamoja, na manung'uniko yakaisha. Maharusi wakitoka kanisani wakawa wanakwenda kupigia picha pale.

Balaa lilianzia Kahama. Hozefa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nyahanga, ambaye babu yake aliwauzia babu zetu majembe, aliipenda kazi ya wifi yangu tangu alipomchorea bango. Akanunua kipicha kidogo cha nyasi, akakitundika nyuma ya kaunta, juu ya misumari. Alikuwa akikisifia kwa kila mteja. Siku moja mteja akawa Herman.

Herman alikuwa broka wa dhahabu kutoka upande wa Geita, mtu wa shati safi na maneno laini. Alikwenda kununua pampu ya maji, akaona picha inameta, akauliza ni rangi gani. Hozefa, maskini, kwa kujivunia, akamweleza yote: si rangi, ni udongo, unatoka Busambilo, mchoraji anaitwa fulani, anauchota mwenyewe. Nchi yetu hii mtu akiona kitu kinameta hawazi habari ya jua. Herman aliiacha pampu pale pale.

Alikuja kwa Vaileth kama mpenda sanaa. Nilikuwepo, nachambua mchele. Alisalimia vizuri, akakaa, akasifia, akaomba aonyeshwe ukuta wa ofisi. Wifi yangu, ambaye hakuna mtu anayemsifia kwa sababu hachelewi kukuuliza unataka nini, alifurahi siku hiyo. Niliwafuata kwa mbali. Alimtembeza ukuta mzima. Alimweleza habari za bibi zetu. Herman akaitika, akaitika, halafu akachomeka ukucha wa kidole gumba kwenye nyasi, akakwangua, akasugua lile vumbi kwenye kiganja na kukielekeza juani.

Vaileth alimpiga mkono. Kofi lile nililisikia nikiwa ng'ambo ya kiwanja.

Baada ya hapo neno likaenea lenyewe. Wiki haikuisha, sungusungu walikuwa wamewatoa watu wa pikipiki korongoni na viroba vyao, wakaumwaga udongo hapo hapo. Herman mwenyewe hakuingia kwa wizi, alikuwa mjanja kuliko hivyo. Alikwenda kwa Sostenes. Akasema anataka ridhaa ya kijiji, kwa sababu bila ridhaa hatapata kibali cha kuchimba. Akaahidi kisima, akaahidi bati za shule, akaahidi ajira kwa vijana. Akadai amekwisha kuupima udongo ule na dhahabu ipo. Lakini neno la broka kwetu lina uzito wa pumba, maana akitaka kuuza ipo, akitaka kununua haipo. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyeweza kulala.

Kilichoniuma zaidi ni ukuta. Kila asubuhi tulikuta nyasi zimekwanguliwa mahali papya. Kwa sarafu, kwa visu, kwa kucha. Hawakuwa wageni. Walikuwa watu wetu, wale wale waliopigia picha za harusi pale. Vaileth alikuwa akija anatazama, hasemi, anaondoka. Kwa anayemfahamu, kimya chake ni kibaya kuliko matusi.

Hata hivyo tuligombana, mimi na yeye, na sitaficha upande niliokuwa. Mwanangu Samwel alikuwa Nyarugusu, ndani ya maduara, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba kutafuta mwamba wenye dhahabu. Alikuwa hajala Pasaka nyumbani tangu aondoke. Kila simu ikilia kwa namba nisiyoijua nakaa chini kwanza ndipo nipokee. Nikawaza, kama kuna dhahabu hapa hapa kwetu, kwa nini mwanangu afie kwa watu? Na achimbe nyumbani, ajengewe shimo lenye mbao nzuri, alale kwangu, nimwone anakula. Nikamwambia Vaileth hivyo. Nikamwambia ana ubinafsi, anachunga udongo wake wa kuchezea wakati wengine wana watoto chini ya ardhi.

Aliniuliza tu kama nimemuuliza Samwel.

Nikampigia kwa hasira, nikitaka nirudi na jibu nimtupie usoni. Samwel alinisalimia, nikaitikia, nikammwagia habari yote. Kisha akaniuliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Nikamwambia achana na ng'ombe. Akasema mahali anapochimba palikuwa na msitu, wenyeji huwaonyesha kwa kidole ulipokuwa. Alisema msitu wenyewe bado upo, ila upo chini: miti yote imekatwa ikawa matimba, magogo ya kushikilia kuta za maduara zisiwaangukie, na yeye kila siku akishuka anapita katikati yake gizani.

"Mama," akasema, "mimi huku nachimba ili nirudi. Mkipachimba na huko, nirudi wapi?"

Nilimkatia simu. Nilikuwa na hasira naye, na Vaileth, na aliyegundua dhahabu duniani. Sikumwambia mtu alichosema.

Sostenes, kwa kuwa ni mtu wa amani, akapata njia ambayo kila mtu aliiona ya haki. Kungekuwa na dagashida, mkutano wa wote wa desturi yetu, maana ngitili ilifungwa na dagashida na haiwezi kufunguliwa na karatasi ya ofisini. Hapo hapo mbele ya watu udongo ungeoshwa kwenye karai. Ukionekana hauna kitu, Herman anaaga na kwenda zake. Ikionekana dhahabu ipo, tunaanza kuzungumza. Udongo usingetoka kwa Herman, asije akautia dhahabu yake. Usingetoka korongoni, maana ilikuwa masika na hakuna wa kuingia. Ungetoka kwenye kopo la Vaileth, udongo pekee wa ngitili uliotolewa kihalali. Na angeuosha Pantaleo, mtu wetu wenyewe, aliyeosha dhahabu ya watu Nyarugusu mpaka magoti yakamwisha. Pantaleo hawezi kununuliwa. Herman alikuwa amekwisha kujaribu.

Hata waliokuwa upande wa Vaileth walifurahi. Walimfuata wakimbembeleza, wewe mwenyewe unajua ule ni ulanga tu, vijiwe vya kumeta, si dhahabu, lete waoshe, waone aibu, yaishe. Na mimi nilimwambia alete, ingawa kwa sababu zangu mwenyewe. Akasema ataleta kopo. Akaliitikia jambo lile kirahisi mno, na nilipaswa kushtuka.

Jumapili, baada ya misa kigangoni, kiwanja cha ofisi kikajaa. Wazee kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, vijana wameegemea pikipiki zao. Sote tuliuelekea ule ukuta, na ulitia aibu kuutazama, nyasi zake zina madoa meupe kama ngozi ya mgonjwa. Pantaleo alichuchumaa katikati na ndoo ya maji na karai lake mwenyewe, jeusi kwa uzee. Herman aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho.

Vaileth akaja na kopo mkononi na brashi imechomekwa kwenye kilemba. Alisalimia wazee kwa adabu zote, shikamoo kwa huyu na huyu, mpaka nikajua tumekwisha, maana hana adabu nyingi hivyo siku ya kawaida. Akachuchumaa mbele ya Pantaleo. Akafungua kopo, akalizungusha ili watu waone. Udongo ukameta. Kiwanja kizima kikavuta pumzi.

Pantaleo akamsogezea karai. Vaileth akachota maji ya ndoo kwa kiganja, akayatia ndani ya kopo. Akatoa kichupa cha gundi kwenye pindo la khanga, akaongeza, akaanza kukoroga.

"Gundi ya nini tena?" Pantaleo akauliza.

Vaileth alikuwa amekwisha kusimama. Alikwenda ukutani, akachomoa brashi, akachagua doa lililokuwa karibu naye, akaanza kupaka.

Ilichukua muda watu kuelewa. Alipopaka jani la tatu ndipo minong'ono ikaanza, na Sostenes akainuka akiwa amepauka. Udongo ule ndio uliokuwepo. Hakukuwa na mwingine mpaka kiangazi.

"Vaileth," akasema, "tulikubaliana."

"Mlikubaliana nyie," akajibu bila kugeuka. "Mimi niliambiwa nilete udongo. Si huu?"

Herman akacheka. Alisimama, akawaambia watu wajionee wenyewe. Mama huyu anajua kilichomo. Anakificha. Anataka kubaki nacho peke yake huku watoto wao wanasoma chini ya bati lenye matundu. Baadhi ya vijana wakaitikia, na nikaona mikono inajikunja.

Vaileth akageuka. Alikuwa na tone la udongo kwenye shavu.

"Ipo," akasema.

Vijana wakaziacha pikipiki zao wakasogea mbele.

"Nimesema ipo. Na ni nyingi. Korongo lote ni dhahabu, na kilima chote, na chini ya mizinga ya Mzee Telesphori. Haya, bwana Herman, nimekupa. Huna haja ya karai. Sasa tuzungumze."

Herman alikuja amejiandaa kubishana na mtu atakayesema haipo.

Vaileth akawageukia wazee, na sasa sauti yake ikapanda. Namjua. Ni ile hasira aliyoikusanya kila asubuhi aliyokuja kuutazama ukuta.

"Mlitaka Pantaleo aoshe, mkikuta ulanga mtupu mwende nyumbani mkale, mkisema tumeiokoa ngitili yetu. Mngekuwa mmeokoa nini? Mngekuwa mmeambiwa tu kwamba haina kitu. Mwakani akija mwingine akasema si korongoni, ni kule bondeni, mtamtafutia karai na yeye. Mtaosha nchi hii yote, kipande kwa kipande, mpaka siku mtakayokuta kipande chenye dhahabu, na siku hiyo mtakuwa hamna la kusema. Wazee walipoifunga ilikuwa vumbi. Nani aliipima kwanza?"

Kijana mmoja wa pikipiki, Donatus, mtu mwenye akili na mwenye wadogo wengi wa kulisha, akasema kwa sauti kwamba maneno hayo ni mazuri, ila wao watakula miti?

Nilitegemea amrukie. Hakumrukia.

"Sijui utakula nini, Donatus," akamwambia. "Ningekuwa najua ningekwambia. Ninachojua ni ng'ombe wa mama yako alikula nini mwezi wa kumi, wakati ng'ombe wa Mwadui na Shinyanga kote wanakufa."

Donatus akatazama chini, lakini hakuwa ameridhika, na sikumlaumu.

Hapo ndipo niliposimama. Mpaka leo sijui ni nani aliyeniinua. Nilikuwa nimekuja kusikia karai likisema ipo ili mwanangu arudi, na sasa mtu alikuwa amesema ipo, bure, mbele ya watu wote, na sikupata ile furaha niliyoisubiri. Nikawaambia kwamba wote wananijua, mimi Rosemary, Mama Samwel, na wanajua mwanangu yuko wapi. Nikawaambia msitu wa kule Nyarugusu uko chini ya ardhi, umeshikilia kuta. Nikawaambia alichoniuliza, kwa maneno yake yale yale: mkipachimba na huko, nirudi wapi? Nikakaa. Mama yake Donatus akanishika goti.

Sostenes alikuwa amesimama muda wote huo, akipangusa uso kwa kofia. Nilidhani ataahirisha mkutano, ndiyo kawaida yake. Hakuahirisha, labda kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna aliyemletea chai na uji kwa pamoja, ilibidi achague. Akasema, haya, tufanye kama mchoraji alivyosema. Dhahabu ipo. Anayetaka ngitili ichimbwe asimame upande wa karai. Anayetaka ibaki imefungwa, huku anajua ipo, asimame upande wa ukuta. Akasisitiza: huku anajua ipo.

Niliondoka wa kwanza, sikutaka miguu ipate nafasi ya kufikiri. Mzee Telesphori mwenye mizinga akafuata na fimbo yake, halafu wanawake wa mikekani, wakikung'uta khanga. Kaka yangu Kalisti alikuja polepole, akasimama karibu na mkewe, akasema kwa wote kwamba anakuja, ila mbuzi wake hajamsahau. Watu wakacheka, na kicheko kile kikawasogeza wengine. Donatus alikwenda kwenye karai, na pamoja naye vijana wengi, na watu wazima ambao sitawataja kwa sababu tunaishi nao. Hawakuwa wachache. Lakini ukuta ulijaa mpaka tukawa tunakanyagana, na wa mwisho kuja alikuwa Sostenes mwenyewe.

Herman akakunja kiti chake cha plastiki. Alikuwa ametulia, sharti nimpe haki yake. Akasema hakuna ubaya, ila tujue kwamba yeye ni mdogo tu, na watakaokuja baada yake ni wakubwa, hawatakuja na karai.

"Waje," Vaileth akamwambia. "Uwaambie tunajua ipo."

Mzee mmoja nyuma yangu akarudia, tunajua ipo. Mwingine akarudia. Herman aliondoka akilisikia neno hilo nyuma yake mpaka barabarani.

Watu walipotawanyika tulibaki watatu pale: wifi yangu, akimalizia madoa ya chini, mimi, nikikusanya mikeka, na Pantaleo, ambaye hakuwa amesimama upande wowote. Alikuwa bado amechuchumaa penye ndoo yake. Watu walipita kulia na kushoto kwake, hakuinuka. Nilidhani ni magoti.

"Mama Samwel," akasema. Kisha akamgeukia wifi yangu. "Vaileth. Nina jambo."

Akasema hakutaka kuja kuaibika mbele za watu akiosha kitu asichokijua. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya misa, alipita hapa ukutani, akakwangua kidogo, akaenda kuosha nyumbani. Peke yake. Hajamwambia mtu.

Mikeka ikanidondoka. Mimi ni binadamu, na nilitaka kujua. Nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, pamoja na yote niliyokuwa nimetoka kuyasema. Nilimwangalia Pantaleo mdomoni. Alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kusema.

"Ulikwangua wapi?" Vaileth akamuuliza.

Pantaleo hakuelewa.

"Hapa ukutani. Ulikwangua wapi?"

Akamwonyesha. Ilikuwa chini kabisa, penye mashina ya nyasi, mahali padogo kama kucha, ambapo pengine hata Vaileth asingepaona. Vaileth akachovya brashi kwenye udongo uliobaki, akakwangua kuta za kopo mpaka zikawa safi, akampa.

"Paka."

Mzee yule alipiga magoti kwa shida. Mikono iliyotikisa makarai ya watu maisha yake yote ikaishika brashi nyepesi kama mwiko. Alipaka. Alitoa kitu ambacho si jani wala shina, donge tu, limevimba upande mmoja. Akataka kulirekebisha, wifi yangu akamwambia aliache hivyo hivyo. Kisha akamsaidia kuinuka na kumbebea ndoo mpaka kwake, na njia nzima waliongea habari za mvua; la karai hakumuuliza.

Donge lile bado lipo, na jua la alasiri likifika linawaka pamoja na nyasi nyingine zote. Donatus haniamkii sana siku hizi, lakini mama yake ananiamkia. Samwel amesema atakuja Krismasi. Wageni wa pikipiki na wa magari ya vioo vyeusi huja mara kwa mara, wanasimama mbele ya ukuta, wanatuuliza kama ni kweli ipo. Tunawajibu kwamba ipo, ni nyingi, na kwamba mwezi wa saba ng'ombe wataingia ngitilini.